Niliacha dawa nikashika mlo wa masharti, sasa hata mkasi siwezi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mshonaji, nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto watatu na naishi Tanga. Nakuandikia kwa kidole kimoja, kwa hiyo nisamehe maneno yakikatika.

Ugonjwa wangu ulianza kama utani. Nikiamka asubuhi vidole vya mikono yote miwili vimekaza, hadi saa tatu ndipo vinalegea. Kwanza niliambiwa malaria, baadaye gauti, jirani mmoja akasema nimekanyaga kitu. Mwaka jana hospitali ya rufaa walinipima damu wakasema nina rumatoidi, ile baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili. Wakaniandikia vidonge vya methotreksati kila Ijumaa, pamoja na asidi ya foliki. Kwa miezi mitano nilirudi kwenye cherehani yangu, ingawa kila Jumamosi nilishinda na kichefuchefu.

Wifi yangu, ambaye nampenda na ndiye aliyenilelea watoto nilipokuwa nimelala, akaniunganisha na mtu anayejiita tabibu wa lishe. Huyo anatuma mafundisho yake kwa sauti kwenye simu. Alisema nina upungufu wa kinga, kwamba dawa za hospitali zinaua kinga na mlo wake unaipandisha. Nikaacha methotreksati. Akanikataza ngano, mchele, maziwa, mayai, nyama, samaki, nazi, maharage, nyanya, biringanya, pilipili na viazi. Nile mboga za kuchemsha bila chumvi, matango na parachichi, na ninywe unga wake wa mitishamba, kopo shilingi 85,000, la mwezi mmoja.

Sitakudanganya, shangazi, kopo la kwanza lilifanya kazi. Siku ya nne mikono ilifunguka, nikashona sare tano za shule kwa siku moja, nikalia kwa furaha. Kopo la pili uso ukajaa, watu wakasema nimependeza, lakini mikono na miguu ikazidi kukonda na sketi zinanivuka. La tatu nikakosa pesa. Ni wiki mbili sasa tangu niishiwe. Maumivu yamerudi maradufu, magoti yamejaa, nikisimama ghafla naona giza, na chakula hakipiti. Anayenifunga vifungo ni mwanangu wa mwisho.

Nyumbani nako pamepooza. Kwenye hitma ya baba mkwe, mama mkwe alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, mimi nikakaa pembeni na bakuli la matango. Alininunia siku mbili. Mume wangu hasemi kitu, ila nimegundua siku hizi anakula maandazi yake hukohuko dukani kabla ya kurudi. Na majirani waliosikia neno kinga wameshasambaza kwamba nina UKIMWI na ninaficha.

Linalonichanganya ni hili. Ramadhani iliyopita, kabla ya huyo tabibu, nilifunga na maumivu yalipungua kweli. Kwa hiyo najua chakula kinahusika. Je, nimekosea masharti, niyarudie kwa ukali zaidi? Au nirudi hospitali nikagombezwe? Na kuna chakula kitakachoniponya ili nisimeze vidonge maisha yangu yote?

Mshonaji, Tanga

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Nianze na lisilosubiri. Usingoje siku yako ya kliniki. Nenda hospitali leo, na kopo ulilobaki nalo litie kwenye mfuko uende nalo, hata kama limebaki vumbi tu. Nafuu ya siku nne, uso kujaa huku mikono na miguu ikikonda, kisha maumivu kurudi kwa kishindo pamoja na giza la macho na chakula kukataa: nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na nimeyaona hayo kwa watu waliokuwa wakimeza steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, bila kujua. Mitishamba haifungui mikono iliyokaza kwa siku nne. Prednisoloni na deksamethasoni ndizo zinazofanya hivyo. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu vidonge vya viungo vilivyouzwa kama virutubisho vya asili. Vilipopimwa vilikutwa na deksamethasoni na daiklofenaki, na hakuna hata moja iliyoandikwa kwenye chupa. Unga wako nao upimwe. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba inapokea taarifa za namna hiyo, na daktari atakuelekeza namna ya kuipeleka.

Sababu ya kukuharakisha ni hii. Juu ya figo zako kuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza homoni ya kotisoli. Ukimeza steroidi kwa wiki nyingi tezi hizo huacha kazi, kwa kuwa mwili unapata kutoka nje. Ukikatisha ghafla, haziamki siku hiyohiyo. Presha inashuka, mtu anatapika, anaishiwa nguvu, na anaweza kupoteza maisha. Kwa hiyo ukifika mwambie daktari hivi: nilikunywa unga wa viungo miezi miwili, ulinipa nafuu ya haraka, umeisha wiki mbili zilizopita, na sasa nikisimama naona giza. Maneno hayo yatamwonyesha pa kuanzia. Ukianza kutapika au kuzimia kabla hujaondoka, ubebwe, hata iwe usiku wa manane. Na usikope pesa ya kopo la tatu ili upate ahueni.

Methotreksati pia usiianze mwenyewe kwa vidonge vilivyobaki kabatini. Umeiacha, umekonda, hujala vizuri; wapime kwanza damu, ini na figo. Watakapoirudisha, iwe mara moja kwa wiki, siku uliyoandikiwa, basi. Wapo waliodhani wakimeza kila siku watapona haraka, na dawa hii ikimezwa kila siku inaua. Jambo jingine ambalo dukani huenda usiambiwe: usinunue kotrimoksazoli, ile tunayoiita Septrini, wakati unatumia methotreksati. Zikikutana zinaweza kuangusha chembe za damu vibaya sana. Hata ukienda kutibiwa kikohozi au mkojo, taja methotreksati kabla hujaandikiwa chochote. Kile kichefuchefu cha Jumamosi nacho ungekisema. Kuna njia za kukipunguza: kubadili saa ya kumeza, kuongeza asidi ya foliki, au kupewa dawa kwa sindano badala ya kidonge. Watu wengi wanaiacha dawa hii kwa kichefuchefu ambacho hawakukitaja.

Kuhusu kugombezwa: huenda ukagombezwa. Vumilia dakika tano. Mifupa ya vidole ikishalika hairudi, na kwa ugonjwa huu ulaji huo huanza mapema, ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Wewe uko ndani ya miaka hiyo.

Sasa neno kinga, maana hapo ndipo ulipopotezwa. Wewe huna upungufu wa kinga. Mwenye UKIMWI kinga yake imeharibiwa na virusi hadi imepungua. Kinga yako ipo, tena inafanya kazi kupita kiasi, ila inashambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Utando unavimba, unapata joto, unajaa maji, na hatimaye unakula mfupa. Methotreksati inapunguza ukali wa shambulio hilo. Ndiyo maana mtu anayekuambia atakupandishia kinga hajaelewa ugonjwa wako, au ameelewa na anakuuzia tu. Na hao majirani, waambie jina: rumatoidi. Haiambukizi, haina uhusiano na UKIMWI. Ukinyamaza watajijazia wenyewe.

Kuhusu Ramadhani, nakuamini. Hukujidanganya. Mwaka 1991 madaktari wa Norway walichapisha utafiti wa wagonjwa 53 wa rumatoidi. Nusu yao, watu 27, walipelekwa mahali pa mapumziko wakafunga kwa siku 7 hadi 10, wakinywa supu ya mboga na juisi, kisha wakaendelea na chakula cha mimea kwa muda wa mwaka mzima, baadaye wakirudishiwa maziwa. Waliofunga walipata nafuu ndani ya mwezi, na nafuu hiyo bado ilionekana kwenye kundi lao mwaka ulipoisha. Ila sikiliza na upande wa pili: ilishajulikana kwamba mtu akifunga tu, halafu akarudi kwenye mlo wake wa zamani, maumivu nayo yanarudi. Na wale watu walikuwa chini ya uangalizi, walirudishiwa vyakula kimoja kimoja, wakala maharage, nafaka, mboga na matunda hadi wakashiba. Hakuna aliyeachwa na matango mwaka mzima. Ulichohisi Ramadhani ni cha kweli, lakini hakitoshi kubeba ugonjwa huu peke yake.

Hivyo jibu la swali lako kubwa: hakuna chakula kitakachoiponya rumatoidi. Natamani ningekuandikia vinginevyo. Upo ugonjwa mmoja wa kinga ambao chakula ndicho dawa yake yenyewe, nao ni seliaki, ambapo ngano huchochea kinga kushambulia utumbo. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aliuona ukweli huo wakati wa njaa kali ya vita ya 1944 hadi 1945: mkate ulipokosekana watoto wake wagonjwa wakawa nafuu, ngano iliporudi wakaugua tena. Watu wamekichukua kisa cha seliaki wakakivisha magonjwa yote ya kinga. Kama tumbo lako linaharisha kila ukila chapati, sema ukapimwe seliaki, na umwambie daktari kwamba ulishaacha ngano, kwa sababu ukiiacha kipimo kinaweza kukosa kuona kitu. Kama tumbo halina neno, chapati haina kesi ya kujibu kwenye vidole vyako. Nyanya, biringanya na pilipili vilevile: zimesingiziwa muda mrefu, na ushahidi hakuna.

Kinachosaidia kipo, na kinasaidia kwa kiasi. Mwongozo wa 2022 wa jumuiya ya madaktari wa baridi yabisi wa Marekani uliuunga mkono mlo mmoja tu, ule wa watu wa pwani ya Mediterania, juu ya dawa na si badala yake. Milo mingine ya masharti na vidonge vya virutubisho haukuishauri. Niliposoma mlo wenyewe ni nini, niliona ni samaki, kunde za kila aina, mboga za majani, matunda, karanga, nafaka isiyokobolewa, mafuta ya mimea, nyama kwa nadra, sukari kidogo. Mwanangu, wewe uko Tanga. Zaidi ya nusu ya hivyo vinapita mlangoni kwako kwenye ndoo na baiskeli.

Anza na samaki, ambaye huyo tabibu alikukataza bila aibu. Vibua, dagaa na jodari wana mafuta ya omega-3, na mwili huyatumia kutengeneza vitu vinavyotuliza uvimbe. Kwenye majaribio, yakitumiwa kwa wingi na kwa miezi kadhaa, mafuta hayo yalipunguza maumivu na ule ukakamavu wa asubuhi. Kiasi kile ni kikubwa kuliko cha kitoweo, sitaki kukupa matumaini ya uongo, lakini vibua mara tatu nne kwa wiki ni hatua njema, tena ni rahisi kuliko kopo. Wachemshe na ndimu, wachome, au wapake kama alivyofanya mama mkwe. Ukiwazamisha kwenye mafuta yaliyokaangiwa mara tano unapoteza nusu ya ulichokifuata. Dagaa uwale wazima na mifupa yao, maana steroidi zinakula mifupa na wewe unahitaji kalisi. Ng'onda na papa wa chumvi waloweke umwage maji, kwa kuwa steroidi hufanya mwili ushike chumvi na kuvimba. Shirika la Afya Duniani linatupa kikomo cha gramu 5 kwa siku, chini ya kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyofichwa kwenye kitoweo.

Maharage, kunde, choroko na mbaazi zirudi jikoni wiki hii. Misuli yako imekwisha na inahitaji protini ili ijengeke. Mayai pia. Mchicha, matembele, kisamvu, mchunga, vyote vyema, lakini uvile pamoja na kitu, si peke yake. Ugali uwe wa dona pale unapoweza. Nazi usiiogope, ina mafuta mazito, kwa hiyo tui la kwanza lisiwe la kila siku, lakini haihusiki na vidole kukaza. Manjano na tangawizi tia kwenye mchuzi kwa uhuru. Vidonge vya manjano vilivyokolezwa viache, kwa sababu vimewahi kudhuru ini za watu, na ini lako lina kazi ya methotreksati. Kwa sababu hiyohiyo, pombe hapana.

Chai nayo. Uvimbe wa muda mrefu hupunguza damu, na chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Isogeze saa moja mbele. Badala yake kula chungwa na maharage yako, uchachu wake unasaidia chuma kuingia, na machungwa ya Muheza mnayo ninyi jirani kabisa. Sukari kwenye chai, soda na vitu vya kukaanga, hapo ndipo pa kupunguza kweli. Na kama kuna anayevuta sigara nyumbani avutie nje, na wewe usiiguse: sigara ina ushahidi mzito juu ya rumatoidi kuliko nyanya zote za sokoni.

Kama bado una shaka na chakula fulani, kipime kama unavyopima kitambaa, kimoja kimoja. Acha maziwa, mfano, wiki tatu. Kila asubuhi andika kwenye daftari la wateja wako saa vidole vilipolegea na kama umeweza kutunga uzi. Kisha rudisha maziwa siku kadhaa, endelea kuandika. Ukiona tofauti mara mbili, yaache kwa amani. Usipoiona, yanywe. Ila zoezi hilo lianze miezi kadhaa mbele, ugonjwa ukishatulia na mwili ukirudi. Sasa hivi usiache chochote. Na Ramadhani ijayo ongea na daktari mapema. Kidonge cha mara moja kwa wiki kinaweza kumezwa usiku, kinachoangaliwa ni nguvu zako na hali ya hizo tezi.

Jingine, kwa vile una miaka 36 na mume: methotreksati inaharibu mimba. Tumia uzazi wa mpango, na mkitaka mtoto wa nne, semeni miezi kabla, dawa ibadilishwe. Zipo zinazoruhusiwa.

Nikuambie kwa nini barua yako imenikaa moyoni. Mama yangu alikuwa na ugonjwa huuhuu. Hakuacha dawa, hakuzipata. Tulimkataza nyama, tukamkataza muhogo, tukamkataza pilipili, kila mgeni aliyekuja aliongeza katazo lake, na sisi watoto tukasimamia kwa upendo. Vidole vilipinda vikabaki hivyo. Siku zake za mwisho alikuwa anaomba kipande cha papa kwenye mchuzi wa nazi, na tulimnyima tukidhani tunamlinda. Kwa hiyo nikisoma kwamba umekaa pembeni kwenye hitma na bakuli la matango, siwezi kulichukulia jambo dogo.

Mama mkwe mfuate mwenyewe. Mwambie: mama, sikukataa mkono wako, niliogopa, na mtu ameniogopesha. Umwombe akupikie vibua vya kupaka, chumvi kidogo. Mwanamke aliyepika hitma nzima atajua la kufanya na ombi hilo. Mume naye mwambie maandazi yake ayalete nyumbani.

Wifi usimlaumu. Alikupa alichokuwa nacho. Mwombe akusindikize hospitali leo, aingie nawe kwa daktari na alishike yeye hilo kopo. Yeye bado anazisikiliza zile sauti, na bila shaka ameshawatumia wengine wanaoumwa kama wewe. Nataka asikie kwa masikio yake watakachokuambia.